Sukari Ambayo Cheptoo Hakuila

Mjukuu wangu Cheptoo alisimama mbele ya kanisa mikono ikiwa nyuma, akasema ameiba sukari dukani kwa anti yake na kuila kwa siri. Watu wakasema amina, wakamwombea. Nilikuwa nimekaa upande wa akina mama na nilimsikia vizuri. Hakuwa ameiba. Ninaandika haya kwa sababu wengi waliokuwa pale bado wako, na wakimtaja husema, yule wa sukari.

Cheptoo ni mtoto wa binti yangu wa mwisho, aliyefariki mtoto akiwa bado ananyonya. Kwa hiyo mimi ndiye kogo, bibi yake, na mimi ndiye mama. Tunaishi Boito, tuna majani chai kidogo na ng'ombe wa maziwa. Alipokuwa darasa la tatu alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, akakojoa usiku na mchana, akakonda mpaka sare ya shule ikawa inamvaa yeye. Hospitalini wakasema ni ugonjwa wa sukari, ule wa watoto, usiopona. Kuna dawa ambayo mwili wa kila mtu hujitengenezea, na mwili wake umeacha. Atadungwa dawa hiyo, insulini, asubuhi na jioni, maisha yake yote.

Nikauliza, dawa isiyotaka joto itakaa wapi, na sisi hatuna stima? Wakanifundisha. Chungu kikubwa, mchanga ndani, mchanga uwe na maji maji, chupa ikae katikati ndani ya mkebe, na chungu kiwe mbali na moto. Wakanipa na dawa ya buluu ya kupimia mkojo. Unatia matone ya mkojo ndani yake, unachemsha. Ikibaki buluu, ni salama. Ikiwa kijani, si mbaya. Ikigeuka rangi ya tofali, sukari imejaa mwilini na mtoto yuko kwa hatari. Yetu ilikuwa kijani siku nyingi, na nyekundu siku za Krismasi.

Cheptoo akajifunza kujidunga pajani. Siku ambazo hakutaka, nilimdunga mimi, na mdomo alikuwa nao.

"Kogo, leo umenidunga kama unashona gunia."

"Gunia huwa halilalamiki."

"Gunia halina paja."

Tuliishi hivyo, akapanda darasa, akanenepa. Akaanza mafundisho ya ubatizo. Mistari alikuwa anaijua kuliko watoto wa wazee wa kanisa, na alikuwa akiisema huku akichuma majani, mstari mmoja kwa kila kichaka, mpaka wachumaji wenzetu wakamwita Pasta.

Mwaka wa tisini na saba mvua ikakataa kuacha. Mtaikumbuka. Barabara ikakatika, daraja likaenda, na majani yakaozea kwenye vituo kwa sababu lori halikuweza kupanda. Mwanangu Benard alikuja kwa miguu, suruali imejaa matope mpaka kiunoni. Benard ni karani wa majani. Ndiye anayepima majani ya watu kituoni na kukubali au kukataa, na ni mzee wa kanisa, na ana nyumba ya mawe yenye stima kule senta, penye maduka. Mkewe Priscah ana duka mbele ya nyumba hiyo.

"Mama, huyu mtoto akiishiwa na dawa mvua ikiwa hivi, italetwa na nini? Na ndege?" akaniambia. "Nimpeleke kwangu. Shule iko, kanisa liko, friji iko. Mvua ikiisha atarudi."

Nikakubali. Cheptoo alifunga nguo zake ndani ya mfuko wa nailoni, akaniaga kwa mkono kama mgeni, akaenda akimfuata mjomba wake. Benard alikuwa amenunua chupa nyingi za insulini kwa mara moja, za kutosha msimu wote. Hakuna aliyemwomba. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, mwanangu alimpenda huyo mtoto.

Barabara ilipokauka kidogo nilishuka kuwaona. Priscah alinikaribisha kwa chai, akanionyesha duka, akanionyesha friji, ndefu kuliko mimi. Sehemu ya chini ilijaa soda na maziwa ya kuuza. Benard akafungua kile kisanduku cha juu, cha barafu. Chupa za Cheptoo zilikuwa humo karibu na nyama, zimevaa weupe wa baridi.

"Hata hazitikisiki," nikasema. "Zimekuwa jiwe."

"Ndiyo namna ya kuhifadhi kitu, Mama." Akachukua moja, akaifunga kwa viganja vyake viwili kama mtu anayepasha kifaranga joto. "Asubuhi, na jioni nikitoka kazini, naishika hivi mpaka iyeyuke, anadungwa. Ikibaki inarudi barafuni."

"Kule hospitalini tuliambiwa mchanga."

"Mchanga ni kwa sababu huna friji. Mama, mimi nakaa kituoni kila siku. Mtu amechuma vizuri, majani mawili na chipukizi, halafu amekanyagia kwa gunia kama anatwanga. Akifika natia mkono ndani, ni moto kama mkate. Majani yamekuwa mekundu. Namwambia rudi nayo, lisha mbuzi. Ni joto linaharibu kila kitu. Majani, maziwa, nyama. Baridi haijawahi kunikosea."

Nikaona ni maneno ya maana. Mimi mwenyewe tangu ujana nimekimbizana na joto, na maziwa yafike kabla jua halijapanda, na majani yafike kabla hayajachemka mgongoni. Nikamshukuru Mungu kwa ile friji, nikapanda kwetu.

Kiangazi kilipoanza Priscah alinitumia habari kwamba nije, mtoto amekuwa na tabia.

Nilimkuta Cheptoo ameketi nyuma ya duka, magoti yake yamekuwa makubwa kuliko mapaja. Midomo ilikuwa imekauka. Fancy, mtoto mdogo wa Benard, alikuwa anamtania: "Kogo, Cheptoo anakunywa maji kama fahali. Baba amesema tutamchimbia kisima chake." Cheptoo akacheka kidogo. Hakuwa mtu wa kukasirikia watoto.

Ndani, Priscah alikuwa na kile kichupa cha mkojo mezani. Kilikuwa rangi ya tofali.

"Jana hivyo. Juzi hivyo," akasema. "Mama, mimi sina ubaya na yeye. Anadungwa kila siku, Benard mwenyewe anasimama hapo. Chakula nampimia. Sasa sukari hii inatoka wapi kama si kwa gunia langu?"

"Ulimwona?"

"Sukari yangu naisawazisha juu na mkono, halafu nachora mstari na kidole. Juzi mstari haukuwepo."

"Nyumba hii ina watoto wengi."

"Wangu wakila sukari, mkojo wao haugeuki tofali. Hii chupa haina sababu ya kumsingizia mtu."

Niliona anaamini. Priscah si mwongo. Ni mwanamke anayetaka kitu kikae pale kilipowekwa. Nikatoka nikaenda na Cheptoo mpaka kwenye zizi, tukasimama nyuma ya ndama.

"Umekula?"

"Sijakula, Kogo."

"Hata ya kulamba kidole?"

"Hata ya kulamba. Njaa ninayo, usiku naota miwa. Lakini sijakula."

Nilirudi nikawaambia, mtoto amesema hajala. Benard akavua kofia, akaishika mapajani. "Mama, mtoto akisema hapana na kipimo kikisema ndiyo, nitafuata nini? Kituoni kila mtu husema majani yake ni mazuri."

Wakaweka kufuli kwenye stoo ya sukari. Mkojo ukabaki tofali. Ungefikiri hapo mtu angesimama kidogo na kujiuliza. Priscah alisema, basi ana mahali anaficha. Wakapekua godoro lake. Hawakupata kitu, na kukosa huko kukawa ujanja wake. Benard akamchapa, si sana, alisema. Wakampunguzia chakula. Na mchungaji wetu, Johana, akaambiwa.

Johana alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulitumaliza. Alisema mtoto asilazimishwe, aombewe tu, na akiwa tayari atatubu mbele ya watu na dhambi itamwachilia. Mpaka atubu, akae nje ya darasa la ubatizo. Jumapili ya kutubu kwake mimi niliitwa. Kabla ya kuingia nilimvuta Cheptoo kando.

"Usikubali kitu ambacho hukufanya. Mungu anasikia."

"Kogo," akasema, "wewe jioni unarudi Boito. Mimi nalala hapa."

"Basi twende sote leo."

"Na darasa la ubatizo? Wamesema nikitubu narudi Jumamosi ijayo." Alikuwa anaongea pole pole, kama anayebeba maji kichwani. "Na tena siku hizi sijui. Anti anasema labda naamka nikiwa usingizini na kula. Inaweza kuwa, Kogo? Mtu anaweza kula bila kujua?"

Kengele ikapigwa. Akaingia akasimama mbele, akasema maneno niliyowaambia hapo mwanzo. Aliulizwa ni mara ngapi, akasema nyingi. Aliulizwa alikuwa anatumia nini, akasema kijiko. Hata kijiko alikitunga. Akina mama wakaanza wimbo, na Priscah alilia kweli, akamkumbatia.

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Kwenye zahanati ya karibu walimwambia mganga kwamba mtoto amekiri anakula sukari. Mganga akamkanya, akaongeza dawa kidogo, akaita mgonjwa mwingine. Hata mimi ningefanya hivyo. Mtu akishakubali kosa, nani atamtafutia sababu nyingine?

Asubuhi moja Fancy alienda kumwamsha waende shule, akarudi akasema Cheptoo anapumua kama anayepanda mlima na mdomo wake unanuka ndizi iliyoiva sana. Alikuwa ametapika na haitiki. Benard alikodi gari, wakakimbia naye mpaka hospitali ya misheni, huko upande wa Kaplong. Niliwakuta huko. Mtoto ana dripu mikono yote miwili, macho yamefunguka nusu na hayaoni.

Nesi wa wodi ile aliitwa Bilhah. Watu wake walitoka Nyeri zamani, yeye alizaliwa huku huku, na Kikipsigis chake, lugha yetu, ni kizuri kuliko cha wajukuu wangu. Alisema, leteni dawa aliyokuwa akidungwa, niione. Benard akarudi senta, akaleta chupa zote ndani ya kopo la barafu, akijivunia kidogo kwamba hazijapata joto njiani.

Bilhah akaacha moja iyeyuke. Akaitembeza kati ya viganja, akainyanyua dirishani. Akaitembeza tena.

"Mama, njoo uone. Hii dawa ikiwa nzuri inakuwa kama maziwa uliyotia maji, yote sawa. Unaona nini?"

Niliona punje, kama unga uliokataa kukorogeka. Nyingine zilikuwa zimeganda kwenye kioo.

"Ilikuwa inakaa wapi?"

Benard akasema, "Kwa barafu. Tangu siku ya kwanza. Haijawahi kupata joto hata dakika moja." Alisema kwa sauti ya mtu anayengoja kusifiwa. Kisha akauona uso wa Bilhah, akaliweka kopo chini.

"Dawa hii imekufa," Bilhah akasema. "Zote hizi. Huyu mtoto amekuwa akidungwa maji, au karibu na maji."

"Imekufaje na barafu? Barafu inahifadhi."

Bilhah hakumjibu yeye. Alivuta kiti akakaa na mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimwangalia. Akaniuliza, "Mama, ng'ombe wako akizaa, yale maziwa ya kwanza kabisa, ukiyaweka motoni yanafanya nini?"

"Yanashikana. Yanakuwa kama ugali."

"Yakipoa yanarudi kuwa maziwa?"

"Hayarudi."

"Sasa sikiliza. Ndani ya yale maziwa kuna kitu kinaitwa protini. Iko kwa yai, iko kwa nyama, iko kwa damu yako, na insulini nayo ni protini. Protini ni kama uzi wa shanga. Shanga za rangi ishirini, hakuna zaidi, lakini zimepangwa kwa mpango wake, hii ikifuata ile, na ukibadilisha mpango umepata kitu kingine. Ya insulini ni fupi, ni nyuzi mbili zimefungwa pamoja, shanga kama hamsini hivi. Lakini uzi haukai umenyooka. Unajikunja. Shanga nyingine zinapenda maji, zinakaa nje. Nyingine zinachukia maji, zinajificha ndani. Nyingine zinashikana mikono. Ukimaliza kujikunja umekuwa na umbo, na lile umbo ndilo kazi yake. Una vibuyu vya maziwa ya mursik nyumbani?"

"Ninavyo."

"Kila kibuyu kina kifuniko chake."

"Cha kingine hakikai."

"Ndivyo ilivyo. Insulini inakaa kwenye mwili kama kifuniko kwa kibuyu chake, halafu sukari inatoka kwa damu inaingia kwa nyama. Ikiwa umbo limepotea, haikai. Moto unaharibu umbo, kama yale maziwa. Na barafu nayo inaharibu. Maji yakiganda yanazisukuma hizo nyuzi, zinafunguka, zile shanga zilizojificha zinabaki nje, na uzi mmoja unashika mwingine. Zinakuwa donge. Ndizo hizo punje."

Nikaishika ile chupa. "Na ukiyeyusha? Shanga si bado ziko?"

"Ziko zote," Bilhah akasema. "Hakuna hata moja imepotea. Ndiyo ubaya wake. Ukihesabu utazikuta zote, lakini hazijui tena kukaa pamoja."

"Kwa hiyo hakula sukari."

"Sukari gani?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akainuka akaenda kuangalia dripu ambayo haikuwa na shida yoyote.

Cheptoo alipata fahamu siku iliyofuata, kwa sababu ya dawa mpya iliyotoka kwenye friji ya wodi, rafu ya kati. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba ana kiu. Cha pili aliniuliza, "Nilikula tena?"

"Hukula. Hata mara moja. Dawa ndiyo iliyokuwa imeharibika kwa barafu."

Akageuza kichwa kunitazama. "Hata nikiwa usingizini?"

"Hata usingizini."

"Mimi nilikuwa nimeanza kujiona nikila," akasema. "Nilikuwa naona mpaka kijiko."

Nilitaka Benard asikie hayo, nikatoka kumtafuta. Nilimkuta kwenye baraza, amesimama akiangalia chini.

"Utamwambia Priscah na Mchungaji," nikamwambia. "Jumapili utasimama pale pale aliposimama mtoto, useme."

"Mama, Priscah ana mimba, iko karibu. Akisikia hii sasa? Ngoja ajifungue kwanza."

Nikangoja. Watu husema mimi ni mvumilivu, na huo ndio uvumilivu wenyewe. Nilimchukua Cheptoo, nikampeleka Boito, kile chungu nikakijaza mchanga mpya, na mkojo ukarudi kijani. Mtoto wa Priscah akazaliwa, akaitwa Kipkurui. Nikashuka kuwaona na maziwa, nikakaa, nikanywa chai, nikauliza, ni Jumapili gani?

Benard akasema, "Mama, hii mambo iliisha. Mtoto amepona."

"Amepona mwili. Shuleni anaitwa Kijiko."

"Watoto watasahau. Mimi ni karani, Mama. Nikisimama niseme niliharibu dawa ya mtoto kwa kutojua, kesho mtu ninayemkatalia majani ataniambia nini? Atasema, huyu hajui hata barafu."

Priscah alikuwa ananyonyesha. Akasema bila kuinua macho, "Mama, mimi nilijua tangu siku ile ile mlipokuwa hospitali. Benard aliniambia."

"Ulijua."

"Nililia mpaka nikaogopa mimba itatoka. Lakini nikafikiria. Alikiri kwa mdomo wake, hakuna aliyemshika shingo. Kama hakuiba, basi alidanganya mbele ya madhabahu. Sasa mnataka kanisa limwite nini? Mwizi aliyesamehewa, ama mwongo? Mimi naona hii ya kwanza ni afadhali kwake."

Nilimwangalia. Alikuwa anasema kwa nia njema. Hicho ndicho kitu ambacho mpaka leo hakijanishuka.

Nikaenda kwa Mchungaji Johana. Alinipa kiti, akasikiliza habari ya dawa, akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana, Mama. Lakini kanisa lilishamsamehe Cheptoo."

"Lilimsamehe nini?"

Akaifungua Biblia yake, akaifunga.

"Nauliza, Mchungaji. Lilimsamehe nini?"

"Msamaha ukishatolewa, Mama, hatuwezi kuuchimbua. Tutaumiza nyumba ya Benard, na Benard ni nguzo. Mtoto arudi darasani, tutambatiza Agosti pamoja na wengine. Si ndicho alichokuwa anataka?"

Ndicho alichokuwa anataka. Nilipomwambia, alifurahi, akauliza kama nguo nyeupe inaweza kushonwa kutoka kwa gauni la mama yake. Tukaishona. Sikumwambia maneno ya Priscah. Lakini mtoto aliyekaa wodini amejifunza kusikia watu wakiongea kando, na nafikiri aliyajua.

Watu wa Boito hubatizwa kule senta, kwa sababu kanisa letu ni tawi. Siku hiyo walikuwa wamepanga mstari mbele, wavulana upande mmoja, wasichana mwingine, na Johana alikuwa anapita na kuuliza kila mmoja kama ametubu dhambi zake. Jibu ni moja, nimetubu. Wote walijibu hivyo. Akafika kwa Cheptoo.

"Cheptoo, umetubu dhambi zako?"

"Nimebakisha moja," akasema.

Mchungaji akatabasamu. "Bwana anasikia. Sema."

"Nilisimama hapa nikasema niliiba sukari. Sikuiba. Nilidanganya kanisa."

Benard alikuwa mbele na wazee, akaangalia kofia yake. Priscah akamfunika Kipkurui vizuri zaidi, na mtoto hakuwa na baridi. Kulikuwa na watu mle waliokuwa wanajua yote, na mmoja angesimama, mmoja tu, ingetosha. Mimi nilisimama. Nikasema, "Ni kweli, hakuiba. Dawa yake iliharibika kwa friji ya mwanangu, na mwanangu anajua, na mkewe anajua, na Mchungaji anajua."

"Mama, kaa chini," Benard akasema. Alisema kwa upole, kama anavyowaambia wazee waliochelewa kituoni.

Mchungaji alimwekea Cheptoo mkono begani. Alikuwa anahangaika, nilimwona. Akasema, mbele ya watu wote, kwamba ni vizuri mtoto amekuwa mkweli, lakini uongo uliosemwa kanisani ni jambo zito, na mtu hawezi kuingia majini siku ile ile aliyoungama. Angoje mwaka mmoja, akue kiroho. Akina mama wakaanza wimbo. Ulikuwa ule ule.

Cheptoo akatoka kwenye mstari akaja nilipo, na ile nguo nyeupe. Tukatoka nje. Wengine walitupisha kwenye mlango kwa heshima, na mmoja, ambaye sitamtaja, akaninong'oneza, "Pole, Mama, sisi tulijua." Nikamshika Cheptoo mkono, tukapita.

Njiani hakulia. Tulipofika pale barabara inapoinuka, akasema miguu imechoka, tukakaa kwenye ukingo wa shamba la mtu. Nikamuuliza kwa nini hakunyamaza tu, akabatizwa.

"Wangenibatiza nikiwa nani?" akasema.

Mwaka uliofuata Johana alituma mtu, akasema sasa nafasi ya kubatizwa ipo. Cheptoo alikuwa kwenye majani, kapu mgongoni. Alisikiliza ujumbe wote, akamshukuru aliyeuleta, akamwambia ana mistari miwili ya kumaliza kabla lori halijafika. Yule mtu akangoja kidogo, akidhani atakuja. Cheptoo aliendelea kuchuma mpaka mjumbe akachoka kusimama, akaondoka.